Gitaa lako kavu limeumia: unalitengeneza au unanunua lingine?

Wakuu habari zenu. Nimeandika hii kwa sababu wiki haipiti bila mtu kuniletea gitaa kavu limefungwa kwenye kanga au kwenye mfuko wa sandarusi, limepasuka au limevunjika shingo, na swali huwa ni lilelile, "kaka, hili linapona au nijipange ninunue jingine?" Mimi napiga gitaa kanisani huku Temeke miaka mingi sasa na pembeni nina benchi langu dogo la ufundi nyumbani, na kinachoniuma ni kwamba nimeona magitaa mazuri kabisa yanatupwa kwa sababu ya kidonda kilichohitaji gundi ya mbao na usiku mmoja wa kusubiri, na nimeona watu wanamwaga hela ya maana kwenye gitaa ambalo lilishakwisha siku nyingi. Wote hao wanakosea sehemu moja, wanaangalia jeraha linavyotisha badala ya kuangalia liko wapi.

Elewa hiki kwanza maana mengine yote yanatoka hapa. Gitaa la nyuzi za chuma likishatyuniwa, zile nyuzi sita kwa pamoja zinavuta kwa nguvu ya karibu kilo 70, la nailoni karibu kilo 40. Yaani ni kama kuna mtu mzima ananing'inia kati ya kichwa cha gitaa na briji, kile kibao cha usoni kinachoshika nyuzi, mchana na usiku, hata ukiwa umelitundika tu ukutani. Kwa hiyo tundu la ubavuni la kutia huruma kabisa, sehemu ambayo nyuzi hazivuti sana, unaweza kuliziba na maisha yakaendelea, ila ufa mwembamba kama unywele pale shingo inapokutana na kichwa, huo unaongezeka kila siku na wewe umelala. Yule mzee wa Marekani, mwanamuziki Willie Nelson, ana gitaa la Martin N-20 alilolinunua mwaka 1969, la nailoni, amelipiga mpaka uso umetoboka tundu la pili pembeni ya tundu lake la kawaida, ukiliona unasema hili ni la kuchomea maharage, lakini amezunguka nalo majukwaani miongo na miongo kwa sababu kuna fundi huko Austin anayelikagua na kuliimarisha kwa ndani. Tundu ni baya kwa macho tu, sehemu inayobeba mzigo ni nzima.

Kabla hujaamua chochote

Legeza nyuzi zote. Usisubiri kesho, fanya sasa hivi, hata kabla hujamaliza kusoma. Kama kuna mpasuko wowote, kilo 70 zinaendelea kuuvuta, na kazi ya elfu ishirini ya leo inakuwa kazi ya laki wiki ijayo.

Pili, usiwe unavirudishia rudishia vipande pamoja kuona kama vinakaa. Najua mkono unawasha, lakini kila unapovikutanisha zile nyuzinyuzi za mbao kwenye mvunjiko zinasagika, na zile ndizo zinazofanya gundi ishike na ufa usionekane. Vijibanzi vilivyodondoka viokote vyote uviweke kwenye bahasha, hata kile kidogo kama ukucha, fundi atakushukuru.

Tatu, na hapa nakuomba kabisa, usipake supa gluu. Magitaa mengi yaliyonishinda hayakunishinda kwa sababu yalivunjika vibaya, yalinishinda kwa sababu mtu alishapaka supa gluu, imeingia kwenye mbao, ikakauka kabla vipande havijakaa sawa, na gundi ya mbao haishiki tena juu yake mpaka uikwangue, na ukikwangua unapoteza mbao, na mbao zikipotea vipande havikutani tena. Ni mzunguko mbaya sana huo.

Jua gitaa lako ni la aina gani

Hapa ndipo hesabu inapoanzia. Angalia ukingo wa lile tundu la katikati, washa tochi ya simu, uangalie ule unene wa ubao. Ile mistari ya mbao unayoiona usoni kama inashuka moja kwa moja mpaka ndani kwenye unene, basi uso ni mbao nzima. Kama unaona tabaka, ngozi nyembamba juu, katikati rangi nyingine, ngozi tena chini, kama biskuti ya krimu, hiyo ni plaiwudi. Wengine wanabandika plastiki pale ukingoni usione, basi angalia tundu lolote lililotobolewa, kama la jeki ya kuchomekea waya, inaonekana tu.

Hii sio kudharau plaiwudi. Wazee wetu gitaa kavu walikuwa wanaliita galatoni, na hilo jina linatoka kwa Gallotone, magitaa ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, haohao waliokuwa wanatoa sahani za santuri za mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco wa Katanga, Kongo. John Lennon wa kundi la Beatles naye alianza na Gallotone Champion, ndilo alilokuwa analipiga Julai 1957 siku aliyokutana na Paul McCartney, na ndani lilikuwa na lebo inayotoa dhamana kwamba halipasuki. Plaiwudi ndio ina sifa hiyo, haipasuki kirahisi maana tabaka zake zinapishana. Kwa hiyo ukiona ufa kwenye gitaa la plaiwudi mara nyingi ni ngozi ya juu tu au rangi, na kama mkono ukibonyeza hausikii ubao unacheza, liache, endelea kupiga. Lakini plaiwudi ikishaanza kuachana tabaka, ikavimba mapovu, hiyo hairudi. Mbao nzima ni kinyume chake, inapasuka mapema kufuata mistari yake lakini inazibika vizuri mno, na ndio inayozidi kuimba kadiri inavyozeeka, kwa hiyo gitaa la uso wa mbao nzima mimi nalipigania hata likija vipande vitatu.

Halafu kuna la nailoni na la chuma. La nailoni kichwa chake kina madirisha mawili marefu na vipipa vinene vya plastiki vya kuzungushia uzi, shingo pana, na mara nyingi ndani ya shingo hakuna ile fimbo ya chuma ya kunyooshea shingo. Wakuu, msifunge nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni. Hili ndilo kosa linaloua magitaa mengi kuliko kuanguka, angalau kwa yale yanayofika kwangu. Mtu anaenda dukani anaambiwa nyuzi za nailoni hakuna, anachukua za chuma, linalia kwa nguvu anafurahi, mwezi wa kwanza sawa, mwezi wa tatu uso nyuma ya briji umevimba kama chapati kwenye kikaango, nyuzi zimepanda juu huwezi kubana kodi yoyote ya muziki, mwezi wa sita briji inaruka usiku watu wamelala wanadhani ni mwizi. Uso ulitengenezewa kilo 40 unabeba 70, unategemea nini. Kama lako lilifanyiwa hivyo na uso umeshavimba kweli kweli, sema kweli, hilo ni la kubadilisha, maana hata briji ikirudishwa uso umeshachoka.

Shingo iliyovunjika kichwani

Watu wengi wakiona kichwa kimelala upande wanalia, wanajua gitaa limekufa. Kumbe hili ni moja ya majeraha yanayopona vizuri kuliko yote, kutegemea tu mvunjiko umekaaje. Kama mbao imechanika kwa mlalo mrefu, mvunjiko una urefu wa vidole vitatu vinne, una meno meno, vipande vinakutana kama funguo na kufuli, hapo gundi ina eneo kubwa la kushika na likiungwa vizuri pale panakuwa imara hata kuliko mbao ya pembeni. Kama limekatika kwa mkato mfupi, tako kwa tako kama kijiti cha kiberiti, au kuna mbao imepotea, hapo gundi peke yake haitoshi, inabidi kuchimba na kuweka vipande vya mbao vya kushikilia, kazi inakuwa kubwa, na kwa gitaa la bei rahisi jibu linageuka.

Langu lenyewe lilikatika kichwani, kwa ule mlalo mrefu. Nilikuwa nimepanda bodaboda natoka mazoezi, gitaa mgongoni kwenye begi laini, tukaingia shimo pale njiani, nikaliangukia. Nilipofungua zipu nikaona kichwa kinaning'inia kwenye nyuzi tu, nikakaa chini pale pale barabarani. Ni gitaa aliloniachia baba mdogo, uso mbao nzima. Nililipeleka kwa fundi mmoja akaniambia atapiga skrubu mbili na supa gluu lichukue dakika kumi, namshukuru Mungu nilimkatalia. Nikalirudisha nyumbani, jioni nikaanza kazi taratibu, nikalegeza nyuzi zote nikatoa, nikapuliza vumbi kwenye mvunjiko bila kugusa na kidole, nikafungua mvunjiko kidogo nikapaka gundi ya mbao ya maseremala kwa brashi ndogo pande zote mbili, sio kumwaga, kupaka, mpaka ule uwazi wa ndani kabisa. Nilipokutanisha, gundi ikatoka kama kamstari ka shanga nyeupe pande zote, ndivyo inavyotakiwa, sehemu ambayo haitoi ujue haina gundi. Nikafuta kwa kitambaa chenye maji. Halafu klampu sikuwa nazo za kutosha, nikachukua tyubu ya baiskeli nikaikata kamba ndefu, nikaweka vibao viwili vyembamba vilivyofunikwa nailoni visigande, nikazungusha ile tyubu ikiwa imevutwa sana, mzunguko juu ya mzunguko, kama unafunga mzigo kwenye keria. Mpira wa tyubu unabana kotekote kwa usawa, mafundi wetu wamefanya kazi na huo miaka yote. Nikaliacha siku mbili nzima. Siku ya tatu nikafunga nyuzi nikatyuni nusu toni chini kwanza, nikaliacha usiku, kesho yake nikapandisha. Hiyo ni miaka tisa iliyopita na jumapili iliyopita lilikuwa ibadani.

Briji inayoachia

Chukua kipande cha karatasi ya daftari, jaribu kukiingiza chini ya briji upande wa nyuma, ule wa kuelekea kwenye kitako. Kikiishia ukingoni sawa. Kikiingia ndani milimita tatu, nne, tano, briji inaachia, na haiwezi kujirudisha yenyewe. Sababu kubwa kwenye magitaa ya bei rahisi ni kwamba kiwandani wanaibandika juu ya vanishi, yaani gundi imeshika rangi, haijashika mbao, kwa hiyo siku ya kwanza ya kuliacha kwenye gari juani gundi inalainika na kazi inaisha. Hili linatengenezeka na sio ghali. Fundi anaitoa kabisa kwa joto na kisu chembamba, anakwangua gundi ya zamani na vanishi mpaka mbao ionekane, anabandika, anabana klampu kupitia tundu, siku mbili. Mashariti ni mawili, uso usiwe umechanika pamoja na briji ukaacha shimo, na kile kibao cha ndani chini ya briji kiwe kizima.

Ukikuta fundi anataka kupiga bolti kupitia briji mwambie asante chukua gitaa lako. Bolti haitibu gundi, inahamisha mzigo wote kwenye matundu mawili na uso unakuja kupasuka pale pale. Kwa gitaa la plaiwudi la kujifunzia ambalo vinginevyo linatupwa, naweza kukubali bolti yenye kibao kipana kwa ndani ili mtoto aendelee kujifunza, basi, sio zaidi ya hapo.

Kama briji yenyewe imepasuka, tengeneza mpya ya mpingo. Huu mti tunao sisi, unatoka kusini kule Lindi na Kilwa, wenzetu Ulaya wanautumia kwenye klarineti, na pale Mwenge kwa wachonga vinyago unaweza kupata kipande kilichobaki kwa hela kidogo. Ni mgumu, unachosha msumeno, lakini briji ya mpingo haitaacha nyuzi ziile.

Nyufa na vitu vya ndani

Ufa wa uso wa mbao nzima mara nyingi unatokana na ukavu. Gitaa linapenda unyevu wa hewa asilimia 45 mpaka 55, Dar sisi tuko juu ya hapo karibu mwaka mzima, mbao zinanyonya maji zinavimba na nyuzi zinapanda. Sasa mtu anahamia Dodoma na gitaa lake lililozoea pwani, kiangazi kikikolea lile gitaa linakauka kama samaki, ncha za freti, vile vyuma vyembamba vilivyopangwa kukatisha shingo, zinaanza kutokeza pembeni zinachoma mkono, hiyo ni dalili ya mwanzo, halafu siku moja unasikia tak. Kama ndio kwanza umepasuka, usikimbilie gundi. Weka gitaa kwenye kesi au begi pamoja na sponji yenye unyevu ndani ya kile kikasha cha sabuni kilichotobolewa matundu, sponji isidondoshe maji, kaa nalo siku nne tano, mara nyingi ufa unajifunga wenyewe kabisa, ndipo unausugulia gundi kwa kidole ukibonyeza bonyeza iingie, na kwa ndani unabandika vijibao vidogo vilivyolala kukatisha mistari ya mbao ili usifunguke tena. Ukiuziba ukiwa wazi kwa kujaza gundi, mvua zikija mbao inavimba haina pa kwenda, inapasuka pembeni.

Ndani ya gitaa kuna vijiti vilivyobandikwa chini ya uso kama mataruma ya jahazi, ndivyo vinavyouzuia uso usikunjike. Gonga uso taratibu kwa kifundo cha kidole ukizunguka, sehemu ikikoroma au kutoa sauti ya kupwaya hapo kijiti kimeachia. Ingiza simu kupitia tundu, washa tochi, rekodi video ukiizungusha taratibu, utaona yote bila kufungua kitu. Kijiti kimoja kilichoachia ni kazi ya nusu saa. Vitatu vinne vimeachia na uso umezama mbele ya tundu, kwa gitaa rahisi hapo simama.

Wakati video inacheza angalia na unga. Ukiona unga laini kama wa sembe umerundikana ndani na vitundu vidogo vya mviringo, hao ni fukusi, na kama wameingia shingoni sahau. Kama wameingia kibao kimoja cha mgongo tu unaweza kupambana nao, lakini liweke mbali na magitaa mengine kwanza.

Gitaa lililoingia maji ya mafuriko, likaushe kivulini polepole likiwa halina nyuzi, usilianike juani hata kidogo. Baada ya wiki mbili ndio uangalie. Plaiwudi mara nyingi haipiti hapo. La mbao nzima viungo vinaweza kuwa vimeachia tu, na viungo vinaunganishwa.

Kipimo cha shingo, usikiruke

Hiki ndicho kipimo kinachoamua zaidi ya vyote na ndicho watu hawakijui. Nyuzi zikiwa zimetyuniwa, kama gitaa linaruhusu, pima uwazi kati ya uzi mnene na freti ya 12. Tumia kadi ya benki, ina unene wa karibu milimita 0.76. Kwa gitaa la chuma kadi tatu zikiingia bila kuusukuma uzi ni pazuri, nne bado sawa, la nailoni tano ni kawaida. Zikiingia sita kwenye la chuma, hapo ndio unapojua kwa nini vidole vinauma na kodi ya F inakushinda, tatizo sio wewe.

Sasa tafuta rula ndefu iliyonyooka, ilaze juu ya freti katikati ya shingo ielekee kwenye briji. Ncha yake inatakiwa iguse au ipite juu kidogo ya mbao ya briji, nasema mbao, sio kile kimfupa cheupe kinachobeba nyuzi. Ikigonga uso wa mbele wa briji milimita tatu chini, shingo imeinuka, kiungo chake na mwili kimelegea au mwili umekunjika. Ile fimbo ya chuma ndani ya shingo haitibu hili, naomba nieleweke, wengi wanazungusha alenki mpaka inakatika. Fimbo kazi yake ni kunyoosha upinde wa shingo tu, na inazungushwa robo mzunguko, unasubiri, unaangalia. Kama kimfupa cha briji bado kirefu, unaweza kukisugua chini ukapata miaka miwili mitatu. Kikiwa kimeshaisha, dawa ni kuitoa shingo na kuirudisha kwa pembe mpya, kazi ya mvuke na patasi na uvumilivu, na kwa gitaa la bei ya kawaida gharama yake inazidi gitaa jipya. Hapo ndio nasema badilisha bila kigugumizi, isipokuwa kama shingo imefungwa kwa bolti, hiyo fundi anafungua, anasugua kidogo, anarudisha.

Vitu vidogo ambavyo mtu hatakiwi kabisa kununua gitaa jipya kwa ajili yake: funguo za kutyuni zinazoteleza au zilizokatika, unanunua seti, pima tu matundu kabla hujalipa. Kimfupa cha kichwani kilichomegeka, chonga kipya cha mfupa wa ng'ombe, chukua mfupa wa mguu buchani, uchemshe mafuta yatoke, ukauke siku kadhaa, ukate na usugue msasa, unashinda plastiki yoyote ya dukani. Kukoroma kwa uzi mmoja, freti iliyoinuka, skrubu iliyolegea, pini za briji. Hayo yote ni ya kutengeneza.

Hesabu yenyewe

Mimi nafanya hivi. Sijiulizi nilinunua bei gani, najiuliza leo nikitaka gitaa la ubora huohuo natoa ngapi, pamoja na hela ya kuliweka sawa, maana jipya la dukani nalo mara nyingi linakuja nyuzi ziko juu na unampelekea fundi siku hiyohiyo. Tuseme la kulifananisha ni laki mbili na nusu na kulirekebisha elfu thelathini, basi unashindana na laki mbili na elfu themanini. Matengenezo yakiwa chini ya nusu ya hapo, na kipimo cha rula kimepita, tengeneza. Yakizidi nusu na gitaa ni plaiwudi, nunua. Yakizidi nusu na gitaa ni mbao nzima, kaa chini ufikirie, maana kwa bei hiyo ya laki mbili na kidogo utakachopata ni plaiwudi, unabadilisha mbao nzima iliyoungwa kwa plaiwudi mpya, mimi hiyo siifanyi.

Ogopa pia majeraha yanayokuja kwa pamoja. Briji peke yake sawa, kichwa peke yake sawa, ila briji na shingo na freti zimekwisha na funguo mbovu, hapo kila fundi atakutajia bei ndogo ndogo na ukijumlisha unakuta umelinunua upya.

Na kuna hili la moyo, nalisema bila aibu. Kama gitaa ni la mzazi, au ndilo ulilojifunzia, au mtu fulani alikupa ukiwa huna kitu, hiyo ni sababu halali ya kulitengeneza hata kama hesabu inakataa. Nimeshamfanyia mama mmoja galatoni ya marehemu mumewe ambayo nilimwambia wazi haitapigika zaidi ya freti ya tano, akasema mwanangu mimi nataka nyimbo mbili tu na zote ziko huko juu karibu na kichwa. Tukatengeneza, tukafunga nyuzi laini, tukatyuni toni nzima chini kupunguza mvuto. Unachotakiwa ni kumwambia fundi mapema kwamba hili ni la kumbukumbu, ili asikuuzie kazi ambayo huihitaji.

Ukiamua kununua, nenda Kariakoo au kwa anayeuza la mtumba ukiwa na rula na kadi zako za benki. Fanya vipimo hivyohivyo pale pale dukani, karatasi chini ya briji, rula kwenye shingo, tochi ndani. Muuzaji akikasirika nenda duka la pili. La mtumba lililopigwa miaka kumi likapita vipimo vyote ni salama kuliko jipya ambalo halijawahi kubeba nyuzi mvua na kiangazi.

La zamani usilitupe. Toa funguo zote sita na skrubu zake, ng'oa vimfupa, pini, na kama freti bado nene zichomoe taratibu kwa koleo huku umezipasha moto kidogo. Uso kama ni mbao nzima ukate vipande vipande, ndivyo vijibao vya kubandika nyuma ya nyufa za magitaa mengine. Mimi naviweka kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya benchi, na ile seti ya funguo iliyoko kwenye gitaa la baba mdogo sasa hivi ilitoka humo.